Ombi la Kuruhusiwa Kuwa Mgeni

Muhumba, Bukavu
Tarehe 2 Juni 1975

Kwa Citoyen Kamishna wa Zone

Yahusu: Kadi nyekundu ya tarehe 20 Mei, pamoja na ombi la kuruhusiwa kuwa mgeni

Citoyen Kamishna,

Naandika nikiwa nimesimama mbele ya meza yangu ya kukatia vitambaa, maana benchi la kamati ya mtaa nililokalia siku mbili mfululizo limeniondolea hamu ya kukaa. Pokea heshima zangu hivyo hivyo, za mtu aliyesimama.

Jina langu ni Raphaël Ntahondi, fundi cherehani, Mtanzania wa Kasulu. Nilifika Bukavu mwaka 1958, Wabelgiji wakiwa bado wako, nikiwa na umri wa miaka ishirini, cherehani kichwani, na nia ya kukaa miezi mitatu. Nilimwoa Adolphine wa hapa Muhumba, ambaye tangu ilipotoka amri ya kuacha majina ya ubatizo na kuitana citoyen, yaani raia, anaitwa citoyenne Nabintu, na katika barua hii nitamwita hivyo kila nitakapokumbuka. Mimi amri haikunigusa kwa sababu ni mgeni. Kwa hiyo katika mtaa mzima nimebaki peke yangu ninayeitwa kwa jina la ubatizo hadharani. Watu walioyaacha majina yao ya zamani kwa furaha hupita kibandani kwangu wakaniita “Raphaël! Raphaël!”, nikitoka hawana shida yoyote. Wanataka kulitamka tu.

Unanifahamu, Citoyen Kamishna. Abacost, ile suti isiyo na tai, uliyovaa siku ya Kombe niliishona mimi. Tangu Januari umeongezeka sentimita sita kiunoni, na sijamwambia mtu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu uteuzi wangu.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ya Chama ya tarehe 20 Mei, citoyen Bulonza (zamani Benoît, nalisema kwa sauti ya chini), mwenyekiti wa kamati ya mtaa na pia rais wa timu yetu, Radi ya Muhumba, aliingia kibandani. Nilidhani amekuja kupimwa suruali. Akasema:

“Papa Raphaël, mechi ya Kombe tutacheza na batu ba kule Walungu. Arbitre anatakiwa asikuwe na upande. Batu bote hapa beko na upande. Weye peke haiko na upande, juu weye iko mugeni.”

Nikamuuliza kwa adabu: Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kila wiki, ninapochimba mitaro na wenzangu, mimi ni nani?

“Pale iko munainchi.”

Na jioni tunapoitwa kucheza na kuimba sifa za Chama, na goti langu hili lililovimba?

“Pale munainchi sana.”

Yaani mimi ni mwananchi wiki nzima, halafu ni mgeni kwa dakika tisini. Nilikubali. Nakiri kwamba nilikubali kwa sababu filimbi ilikuwa mpya.

2. Kuhusu kitabu na kadi.

Sikuwahi kuwa arbitre, yaani refa. Nilipewa kitabu cha sheria cha Kifaransa, nikakisoma siku kumi, nikisaidiwa na Adolphine aliyesoma kwa masista. Kitabu kinasema refa awe na kadi mbili, ya njano na nyekundu. Kamati haikuwa nazo, basi nikazishona mwenyewe, kitambaa juu ya karatasi ngumu, upindo mara mbili. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu baadaye niliulizwa ni nchi gani ya nje iliyoniletea ile kadi nyekundu. Hakuna nchi, Citoyen Kamishna. Ni mabaki ya pazia la ofisi yako.

Hata hivyo, waliotunga sheria huko Ulaya wana kosa lao. Hawakuweka kadi ya kijani. Nilikuwa hapa mwaka 1970 watu walipokwenda kumpigia Rais kura, karatasi ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana. Mimi sikupiga, siku hiyo nilikuwa mgeni. Lakini niliona jinsi ile nyekundu ilivyokaa mezani siku nzima kama chakula cha mgonjwa, hakuna aliyeigusa. Watu walioishi hivyo, ukiwainulia nyekundu peke yake hewani, bila kijani pembeni ya kuwatuliza, wana haki ya kushtuka. Napendekeza Taifa liwaandikie wenye mpira wa dunia.

3. Kuhusu mechi yenyewe.

Ulikuwa jukwaani, lakini jua lilikuwa usoni mwako na pengine hukuona vizuri. Kabla ya mpira tulicheza ngoma za Chama saa moja na nusu. Wachezaji wa Walungu nao walicheza, tena kwa bidii kuliko wetu, kwa kuogopa ugenini, wakaanza mechi wakiwa hoi. Pamoja na hayo mpaka dakika ya sabini hakuna aliyefunga.

Beki wetu wa kati ni Cyprien, sasa citoyen Mugisho, kaka wa mke wangu. Ni mtu mpole sana akiwa hajavaa viatu vya mpira. Kipindi cha kwanza nilimwonyesha njano kwa kumvuta mtu shati mpaka likabaki mkononi mwake. Nililishona baadaye, bure. Dakika ya sabini na mbili mshambuliaji wa Walungu, mtu mwembamba kama uzi, alimpita. Cyprien akamkamata kiunoni, akamwinua, akamtupa katika mtaro. Ni mtaro ule tuliouchimba kwenye salongo. Kwa kina chake naweza kuapa.

Nikapiga filimbi, nikatia mkono mfukoni. Cyprien akanisogelea, akasema taratibu, kama mtu anayemshauri mgonjwa:

“Shemeji, rudisha iyo kitu mu mufuko. Leo utakula wapi?”

Citoyen Kamishna, nilifikiri. Nakuomba uamini kwamba nilifikiri. Nilimtazama yule wa Walungu akitambaa kutoka mtaroni, matope mpaka kwenye kope, haangalii jukwaa, ananiangalia mimi. Nikainua ile kadi.

Nikasikia mbuzi wa parokia akilia. Kisha kutoka nyuma ya goli mwanamke mmoja akapaza sauti: “Anapiga ya hapana!” Watu wa Walungu wakaanza kupiga makofi. Hilo lilikuwa jambo la mpira. Tatizo ni kwamba watu wa Muhumba nao wakapiga makofi, na wengine wakasimama, na makofi yakaendelea hata baada ya Cyprien kutoka, hata baada ya mimi kurudisha kadi mfukoni, na hayakuwa yanaelekea uwanjani tena. Yalielekea jukwaani. Nilipuliza filimbi mara nne kuyazuia. Katika kitabu cha sheria sikuona ukurasa unaosema refa afanye nini watazamaji wanapocheza vizuri kuliko timu.

4. Kuhusu mahojiano.

Vijana wawili wa Chama walinichukua kabla ya mechi kwisha, mmoja kila kwapa, nami nikiwa na filimbi mdomoni, kwa hiyo kila hatua nililia. Nikawekwa katika chumba cha kamati. Citoyen Bulonza alinihoji mwenyewe.

“Ile rangi ulipandisha juu, inasema nini?”

Inasema toka, nikamjibu.

“Nani atoke?”

Cyprien.

“Cyprien peke?”

Cyprien peke yake.

Akaandika. Akaniuliza tena, akaandika tena. Mara ya tatu sauti yake ilishuka, na nilimwona kuwa naye anaogopa, pengine kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyenichagua. Siku zote mbili sikupigwa, nalisema kwa haki. Ila nilielewa kwamba iko mikono inayoweza kutoka chumba kile isishike sindano tena, na usiku wa kwanza nilikaa juu ya mikono yangu.

Adolphine alikaa kwenye ngazi za nje siku zote mbili. Alileta bugali na sombe, yaani kisamvu, akapokonywa mlangoni. Hakulia, hakubembeleza. Alikaa tu, mpaka walinzi wakaanza kupita mlango wa nyuma ili wasionane naye.

Siku ya pili alikuja Cyprien. Nilimsikia kupitia dirisha: “Mumuachilie shemeji. Ni miye nilimutupa ule mutu. Ile kadi ilikuwa ya haki.” Citoyen Bulonza akamjibu anyamaze haraka, kwa sababu kwa mujibu wa ripoti hakuna mchezaji aliyetolewa. Cyprien akasema yeye alitoka, alitembea kwa miguu yake, watu wote walimwona. Akaambiwa kwamba kwa mujibu wa ripoti alicheza vizuri mpaka mwisho.

5. Kuhusu matokeo.

Nililetewa ripoti niitie sahihi. Radi ya Muhumba moja, Walungu sifuri. Nikauliza bao lilifungwa na nani, kwa sababu kitabu kinataka jina na dakika. Citoyen Bulonza akafikiri, akasema:

“Andika, bao ilifungwa na banainchi.”

Nikamweleza kwamba, kama ni hivyo, wananchi wote walikuwa wameotea. Hili lilinigharimu saa sita zaidi za benchi. Mwishoni nilitia sahihi. Nilitia kwa sababu Adolphine alikuwa bado ngazini na mvua imeanza. Lakini pembeni, kwa herufi ndogo za fundi anayeandika vipimo, niliandika: 0–0. Utaona ukiitazama kwa makini. Ni kubwa kidogo kuliko tundu la kifungo.

6. Kuhusu nyumba yangu.

Niliporudi, Adolphine aliniwekea maji ya kuoga, akanikagua vidole kimoja kimoja. Vilipotimia kumi, akaweka mezani sahani tupu, na juu yake kadi nyekundu.

“Ulifukuza ndugu yangu mbele ya batu. Basi kula karata yako.”

Kisha akaenda jikoni, na nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Sijui nilalamike kuhusu nini hapa, lakini namba sita ilikuwa tayari nimeiandika.

Kutokana na hayo yote, Citoyen Kamishna, nimeufikiria mpira wa taifa hili kwa uzito, na naomba kushauri. Nchi ina Chama kimoja, na kila mtoto huzaliwa akiwa mwanachama. Timu mbili ni za nini basi? Zinafundisha watu kwamba kuna upande wa pili. Icheze timu moja, kuelekea goli moja, bila kipa, maana kipa kazi yake ni kupinga. Matokeo yapitishwe kwa makofi kabla ya mpira kuanza, ili watu wawahi nyumbani kabla ya mvua. Dakika tisini zitabaki wazi, na zinaweza kutumika kwa salongo.

Na kwa upande wangu naomba jambo moja dogo. Naomba cheti chenye mhuri kinachosema kwamba mimi, Raphaël Ntahondi, ni mgeni, na ni mgeni kila siku. Mgeni hachimbi mtaro. Mgeni hatikisi kiuno kwa ajili ya Chama. Mgeni hana maoni juu ya kitu chochote kinachoviringika au kinachopigiwa kura. Anashona, anakwenda misa, anazikwa kwao. Kwa cheti hicho naomba pia ruhusa ya kuvuka Uvira na familia yangu kurudi Kasulu, ambako nitaishi siku zangu zilizobaki bila upande, kama refa anavyopaswa. Kwa maana hilo ndilo nililojifunza katika kitabu kile, na nitalishika mpaka kaburini: refa hapendelei, refa halaumiwi, na mtu anayemsingizia refa kwa sababu timu yake imefungwa ni mtu asiye na akili timamu.

Nisalimie nyumbani kwako wote, na dereva wako, na karani atakayeifungua barua hii kabla yako na kuisoma mara mbili. Msalimie citoyen Bulonza. Suruali yake iko tayari tangu Ijumaa, aje bila woga. Ukifika Walungu kikazi, msalimie yule mshambuliaji mwembamba.

Ni mimi, aliyekushona na anayekuheshimu kutoka mabegani mpaka kwenye pindo,

Raphaël Ntahondi
Fundi, Muhumba

Baada ya sahihi: Kabla sijagundisha bahasha, leo asubuhi kaka yangu Edouard amewasili kutoka Kasulu kunisaidia kufunga mizigo. Amekunywa chai kibandani, mbele ya wateja, akatazama barabarani, akacheka: “Hawa ndio waliofungwa mabao tisa kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani mwaka jana?” Citoyen Kamishna, nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini kwanza. Nikamwambia hatukufungwa tisa, tulihesabiwa tisa. Akauliza, “Mlihesabiwa, wewe na nani?” Nikamchorea uwanja mzima kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja, nikamwonyesha kila bao lilivyoingia na kwa nini halikuingia, na mteja, ambaye ndiye mwenye kitambaa, akawa ananisahihisha na kuchora zaidi. Edouard akasema nimepotea. Amepanda lori la saa sita kurudi Uvira, na chai hakuimaliza.

Naomba ombi langu la cheti lichanwe. Jumamosi nitakuja salongo na jembe langu. Na kuhusu zile tisa, kila mtu aliyesikiliza redio siku ile anajua: kosa lilikuwa la refa.