Kompyuta ya Kichwani na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Habari njema! Mwalimu wa hesabu anahamishwa kikazi. Yeye ndiye anayetuongoza katika mchezo wetu wa Jumamosi, ule wa kuigiza mji wa miaka ijayo ambako kila mtu kapandikizwa kompyuta ubongoni. Kasema atakayebuni matumizi bora ya kompyuta hiyo, ya nyumbani na kazini, si ya kivita, atarithi kiti chake. Kiti ni changu. Kinyozi naye anakitaka. Kinyozi! Mtu aliyeshindwa kubuni hata mtindo mmoja wa nywele.

Jumanne, 4 Juni
Wazo: kompyuta inayokumbuka kiatu cha kila mteja. Sisi mafundi viatu tutaacha kuandika majina kwa chaki chini ya soli. Nimelijaribu kwa kichwa changu kitupu. Nimefuta chaki zote. Jioni muuza nyama kaondoka na viatu vya muuguzi, na muuguzi kaja kuniuliza kama mimi ni mzima. Wateja hawapendi maendeleo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata! Kompyuta inayoitikia kwa niaba yako, wewe ukiwa umejipumzikia humo ndani. Mama mkwe yuko kwetu kwa matembezi, na maneno yake hayana kituo. Nimejaribu kwake. Yeye anasema, mimi "ndiyo, mama", huku natunga hotuba ya ushindi. Imefanya kazi barabara! Hata chai kanimiminia.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kauliza kwa nini nimemkubalia mama yake kuja mchezoni. Nimekana. Kasema niliitikia mwenyewe, tena kwa tabasamu. Mama mkwe keshapiga pasi gauni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi, 8 Juni
Kinyozi kaleta kompyuta ya kuhesabu nywele. Nikacheka sana. Zamu yangu nikaeleza kwa madaha jinsi nilivyomwitikia mama mkwe bila kumsikiliza. Nilisahau kuwa kakaa kando yangu!

Akaomba naye aseme.

"Mimi nataka ya kunikumbusha nilichofuata jikoni," kasema. "Kila siku nafika mlangoni nimesahau. Nasimama pale peke yangu, naona haya kuuliza."

Mwalimu kavua miwani. Kinyozi, mnafiki yule, kafuta machozi. Mimi pia nilitafuta leso, nakubali. Kiti kapewa mama mkwe.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe haondoki tena. Anahamia kwetu ili aongoze mchezo. Asubuhi nikamkuta kasimama mlangoni mwa jikoni. Nikamnong'oneza kuwa kafuata sukari. Kanishika mkono, kaniita mwanangu. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Kasema pia anatafuta msaidizi wa kiongozi, mtu anayemfaa. Nani kama mimi? Nimeshaficha sukari, chumvi na majani ya chai. Kesho atanihitaji tangu alfajiri.