Hedifoni ya Bwana Pole

Jumatatu, 7 Septemba

Nimeitwa kwa Meneja kabla sijavua koti. Wateja wanalalamika. Eti wakipiga simu kuripoti friji mbovu, wananisikia kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Miaka tisa napokea simu za watu wenye friji na mashine za kufulia zilizoharibika, leo nimekuwa mtu wa pipa!

Kweli, waya wa hedifoni yangu umechakaa. Nimeufunga kwa plasta ya kidonda. Meneja kasema nichague mpya, isiyo na waya, na Ijumaa atakaa anisikilize mwenyewe. Nikishindwa, nahamia stoo kupanga vipuri. Stoo! Huko nitaongea na mipira ya pampu. Na mama mkwe anajua mimi ni mkuu wa mawasiliano. (Nilitia chumvi kidogo siku ya kwanza kuonana naye. Nilikuwa na sababu.)

Fundi wa kompyuta kaleta picha za aina mbili. Nikataka ile kubwa nyeusi, inayofunika masikio yote. Ukivaa ile unaonekana unaendesha ndege. Fundi akasema hiyo ni ya muziki, maiki yake itanasa hata kikohozi cha ghorofa ya juu. Ya simu ni ile nyepesi, yenye mkono wa maiki unaofika karibu na mdomo. Ndiyo aliyochagua Bwana Pole, jirani yangu wa meza. Tunamwita hivyo kwa sababu kila simu huianza kwa kumpa mteja pole. Nikasema basi na mimi nipewe hiyo hiyo. Sikubali awe na kitu nisicho nacho.

Jumanne, 8 Septemba

Zimefika mbili, mapacha watupu. Kila moja na kidude chake, kidogo kama ukucha, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Fundi kavichomeka, kaondoka mbio. Karatasi ya maelekezo nimeikunja, nimeitia chini ya mguu wa meza unaoyumba. Angalau imefanya kazi.

Nikavaa. Taa nyekundu! Nikachungulia kwa Bwana Pole. Taa ya kijani! Nikaelewa hapo hapo: yeye kapewa nzima, mimi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikuwa ameichaji tangu asubuhi, lakini hilo ni jambo dogo.

Saa saba akaenda kunawa. Yule hunawa hadi viwiko, nafasi ilikuwa tele. Yake nikaileta kwangu, yangu nikaipeleka kwake. Sekunde tatu tu. Vidude sikuvigusa, mimi si mwizi.

Jumatano, 9 Septemba

Leo wateja wananipenda! Wa kwanza tu, mama mmoja, akafurahi kumpata Bwana Pole. Nikamwambia Bwana Pole yuko likizo, mimi nashika nafasi yake. Bwana Pole alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Mama akasema mashine yake ya kufulia inamwaga maji sebuleni. Skrini yangu ikaonyesha anwani ya bucha. Nikashangaa kidogo, lakini watu wanaishi popote siku hizi. Nikatuma fundi wa mashine za kufulia.

Bwana Pole naye wakati huo anazungumza na mtu habari za nyama. Saa za kazi! Mara mbili kanigeukia, nikamkunjia uso. Nimeandika pembeni, nitakuja kumwambia Meneja.

Alhamisi, 10 Septemba

Maji yamenifika shingoni. Kwenye bucha wamekutana mafundi wawili. Wa friji, aliyetumwa na Bwana Pole, na wa mashine za kufulia, aliyetumwa na mimi. Yule mama hakufikiwa na mtu yeyote. Zulia lake limeloa lote.

Meneja katuita wawili. Nilikwenda na uongo wa kutosha: kosa la kiwanda, kosa la hali ya hewa, na ikibidi, kosa la Bwana Pole. Nilipofungua mdomo Bwana Pole akaniwahi.

"Hizi hedifoni zimepishana, Meneja," akasema. "Kila moja inasikiliza kidude chake tu, na vidude vilibaki palepale. Mimi nilikuwa nasikia wateja wake, yeye wangu. Tungeziwekea alama tangu mwanzo. Ni kosa letu sote wawili."

Letu! Wateja wangu kumi na saba walimwingia yeye sikioni, naye kamwomba kila mmoja anwani upya, kamhudumia. Yule mama wa zulia kampigia leo asubuhi, kamwomba radhi kwa niaba ya ofisi, kampelekea fundi.

Tulipotoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine nikiitaka yake, nimwombe tu. Basi. Nimeona aibu hadi magotini. Na nimeshukuru. Sikumbuki kama niliwahi kushukuru hivi.

Halafu akaacha mapumziko yake, akakaa na mimi. Kila hedifoni ikarudi kwa mwenyewe. Akanifundisha kubonyeza kitufe hadi taa ipepese, kungoja mlio, kuichagua kwenye kompyuta. Maiki ikae usawa wa kidevu, isiguse mdomo. Nijirekodi, nijisikilize. Nikajisikiliza. Kumbe nina sauti nzuri! Taa nyekundu ilikuwa inaomba chaji tu.

Ijumaa, 11 Septemba

Meneja kaketi kando yangu. Simu ya kwanza, yule mama wa zulia! Jasho likanitoka. Nikaanza kwa kumpa pole, kama afanyavyo jirani yangu. Akasema ananisikia vizuri, kama niko naye sebuleni, na kwamba kumekauka. Meneja kaandika kitu, kasema stoo itatafutiwa mtu mwingine.

Nimebaki! Nimemshukuru Mungu, fundi wa kompyuta, yule mama na zulia lake. Mke wangu kafurahi, kisha kanitazama kama anavyonitazama siku zote. Kasema niende kwa Bwana Pole, nimwambie asante, nisiongeze kitu chochote. Nikamwambia. Akanishika bega, akasema, "Haya ndugu yangu, simu inaita."

Jumatatu, 14 Septemba

Nimefikiri mwisho wote wa wiki. Asante kavu haitoshi kwa mtu kama yule. Kipanya cha kompyuta yake kimezeeka, lazima akigonge mezani ndipo kisogee. Changu nilipewa mwezi uliopita, kinateleza vizuri. Vyote havina waya, hakuna cha kuchomoa wala kuchomeka. Alipokwenda kunawa nikambadilishia. Sitamwambia. Nataka afurahi tu bila kujua kimetoka wapi.

Amerudi. Kashika kipanya, anasogeza. Kwenye skrini yangu mshale unakimbia wenyewe, unafunga mafaili ya wateja. Mimi nasukuma changu, wapi! Hizi kompyuta zimechoka sasa. Nimemwandikia Meneja barua aagize mpya mbili, na ya kwanza apewe Bwana Pole, kwa yote aliyonitendea.