Yule Maiti Aliyefungwa Vitambaa ni Mwanangu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

YAH: KUFICHWA USO WA MWANANGU MBELE YA MAJIRANI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako, na kama kuna anayeumwa basi apone upesi, maana jambo langu litahitaji ofisi nzima iwe na nguvu. Mimi ni mama wa watoto watatu, dobi kwa kazi. Nafua na kupiga pasi shuka za nyumba ya wageni iliyo karibu na kwetu. Shule nilisoma kidogo, lakini kalamu hainishindi, na mwalimu wangu aliwahi kusema nina mwandiko wa mtu mwenye cheo.

Mwanangu wa mwisho ndiye yule maiti aliyefungwa vitambaa katika mchezo wenu wa Jumamosi jioni. Nazungumzia ule mchezo wa familia yenye duka la dawa, ambao safari hii baba mwenye duka alisinzia juu ya kaunta akaota yumo ndani ya sinema ya kutisha ya zamani, na kila kitu kikageuka kuwa cheusi na cheupe. Jumba bovu juu ya kilima, ukungu, daktari mwenye nywele zilizosimama, jeneza linalojifungua lenyewe. Basi aliyetoka ndani ya jeneza ni wangu. Nilimzaa mwenyewe, mchana kweupe, na alipotoka kwangu hakuwa amefungwa kitu.

Mtaani wanamwita Ngazi kwa urefu wake. Anabadilisha taa za nyumba nzima bila kupanda kiti. Na sura, Mheshimiwa, sisemi hivi kwa kuwa ni wangu: macho ni yangu, pua ni yangu, na vile vishimo vya mashavuni ni vyangu. Marehemu baba yake alichangia miguu tu. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkutuambia kwamba rangi itaondoka. Sebule yangu ilijaa watu mpaka mlangoni. Alikuwepo kinyozi na mkewe, walikuwepo wenzangu wa kazini, na alikuwepo fundi wa televisheni, ambaye ndiye aliyenitengenezea hiyo tuliyokuwa tunaitazama. Rangi ilipotoka tu, watu wote wakamgeukia yeye. "Fundi, ndiyo kazi yako hiyo?" Maskini ya Mungu, akachomoa bisibisi mfukoni, akaigeuza televisheni ikaangalia ukuta, akaifungua mgongo, na sisi tukakaa tunasikia radi na milango inayolia huku macho yetu yako kwenye nyaya. Alipoirudisha, bado nyeusi na nyeupe, mwanangu alikwisha kutoka kwenye jeneza. Sikumwona akiamka! Mama gani huyo anayekosa kumwona mwanawe akifufuka? Mngeandika chini ya kioo maneno machache tu, "Televisheni yako ni nzima, keti," na mambo yasingefika hapa. Fundi hanisalimii mpaka leo.

2. Mmemfunga uso wote, hata pua. Nyinyi wenyewe mlipanga vijana foleni mkatafuta mrefu aliyeumbika, mkampata, kisha mkamfunika kama kochi la wageni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wangu amecheza kwenu, na huku kwao hakuna aliyemwona. Alipotokea kwenye ukungu nilisimama nikapiga kigelegele nikasema, "Huyo! Huyo ndiye!" Kinyozi akauliza, "Yupi, mama? Mwenye jeneza au jeneza lenyewe?" Nikawaonyesha mguu wa kushoto unavyoingia ndani, mguu wa baba yake kabisa. Nikawaonyesha alivyombeba yule binti aliyezimia, begani, kwa mkono mmoja, kama anavyonibebea mabunda ya shuka. Mke wa kinyozi akasema, "Mama Ngazi, kwa vitambaa vile hata mimi naweza kuwa mwanao." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kwa meno tu.

3. Majina ya mwisho. Niliwaambia watulie wasubiri majina. Mkayaandika kwa rangi nyeupe juu ya ukungu mweupe! Ni sawa na kuandika kwa maziwa juu ya shuka. La mwanangu lilipita, nina hakika lilipita, niliona kitu kirefu kirefu.

4. Hili ndilo linalonikosesha raha. Ng'ambo ya barabara yuko jirani yangu ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mapazia, kwa kuwa anashona mapazia. Sina ugomvi naye, na mapazia yake si mabaya ukiyatazama kwa mbali. Naye ana kijana mrefu, ingawa ule ni urefu wa kuinama, aliyekwenda masomoni mji mwingine na hajaonekana siku nyingi. Jumapili asubuhi nimesimama dukani kununua sabuni, namsikia anawaambia watu, "Jamani, mlimwona wangu jana? Alinikataza nisiseme, lakini ndiye yule wa vitambaa." Nikamwambia, "Mwenzangu, yule ni wa kwangu." Akanitazama kwa huruma, Mheshimiwa, kwa huruma, akasema, "Dada yangu, kila mzazi anatamani. Ushahidi uko wapi?" Nikamtajia mguu wa kushoto. Akasema, "Hata wa kwangu yuko hivyo hivyo, viatu vinambana."

Tangu hapo mtaa umegawanyika. Upande wetu wa barabara wanasema ni wangu, upande wa pili wanasema ni wake, na mwenye duka anasema yeye hana upande kwa kuwa wote tunanunua kwake. Watoto wanapita mlangoni kwangu wamenyoosha mikono mbele na kuburuta mguu, nikiwauliza wao ni nani, wananijibu, "Mwana wa Mama Mapazia!" Na mwanangu mwenyewe siwezi kumwita aje kuniokoa, maana mnawakusanyia simu wachezaji wote huko mnakopigia picha ili siri za mchezo zisitoke. Mimi nimeishi mtaa huu tangu yuko tumboni. Nimewahi kuitwa mtia chumvi, sikatai, chakula bila chumvi nani anakila? Lakini mwongo sijawahi kuitwa. Siku hizi nikifika mahali watu wanashusha sauti.

5. Vitambaa vyenyewe havikupigwa pasi. Ni shuka zilizochanwa, nazijua shuka. Watu wanajua mama yake ni dobi.

6. Tabia mliyompa si yake. Aliingia chumbani kwa daktari bila hodi akamkaba shingo. Ngazi hubisha hodi hata kwenye mlango wake mwenyewe! Kisha mkaleta kundi la watu wazima, wana mienge na marungu, wakamkimbiza mtu mmoja asiyeona vizuri mpaka kwenye tope, mkaishia hapo mkasema ndoto itaendelea wiki ijayo. Mimi nililia mbele ya wageni. Nauliza tu kwa upole: Mama Mapazia alilia? Wapi! Nimepeleleza. Alikuwa anakula karanga. Uchungu wa mwana aujuaye ni nani?

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa. Nakuomba, kwanza kabisa, kipindi kirudiwe kwa rangi. Rangi ziko, naziona kwenye taarifa ya habari. Pili, wiki ijayo mwanangu afunguliwe uso mapema, na aachwe wazi kwa muda wa kutosha mtu kuvuka barabara na kumwita jirani. Akishafunguliwa atazame mbele aseme, "Shikamoo, mama," kisha ataje mtaa wetu, na ataje upande wa barabara. Usiniambie maiti hasalimii. Kama anaweza kutembea, kukaba watu na kubeba binti wa watu kilima kizima, salamu itamshindaje?

Na kwa kuwa mwanangu alimbeba yule binti vizuri, hakumwangusha wala hakumgonga kwenye nguzo, ni haki amuoe. Wazazi wa binti waombwe kwa heshima. Baba wa duka la dawa akiamka usingizini amkute maiti nyuma ya kaunta anauza dawa, amevaa koti safi, uso wazi. Naye yule daktari amuombe radhi. Huko ndiko mlikotakiwa kufika tangu mwanzo, na nashangaa watu wasomi kama nyinyi hamkufika.

Nisalimie mpiga picha, mkono wake umetulia. Nisalimie anayetengeneza ukungu, ila apunguze. Nisalimie daktari mwenye nywele, sina kinyongo naye, alikuwa kazini. Nisalimie walinzi wa getini na mama anayewapikia chai. Na yule binti aliyezimia umsalimie peke yake, taratibu, umuulize kama ana mchumba.

Ni mimi ninayedai uso wangu kupitia uso wa mwanangu,

Mama Ngazi,
mzazi halisi wa maiti.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mwanangu amefika, mmempa ruhusa ya siku moja. Nimempokea, amekula, nikamsomea barua hii yote. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mama, wiki ijayo wananifungua." Nikaruka kwa furaha. Kisha akanionyesha picha aliyopigwa wakati wanamtengeneza sura ya maiti. Mheshimiwa! Pua hakuna. Jicho moja limeshukia shavuni, mdomo ni meno matupu, na utosini anaota kitu kama uyoga. Nami nimeshauambia mtaa mzima kwamba sura ile ni yangu, macho, pua na mashavu. Kwa hiyo nakuomba, hayo yote niliyoandika kuanzia namba moja usiyasome. Msimfungue mwanangu. Mwongezeni vitambaa, mniletee nivifue na kuvipiga pasi mwenyewe. Kama ni lazima afunguliwe, basi asitaje mtaa wala asimwamkie mtu, na majina muyaandike vilevile, meupe juu ya ukungu mweupe. Mimi huku nimeshajitahidi upande wangu. Nimevuka barabara, nimempa mkono Mama Mapazia mbele ya watu, nikakiri kwamba macho yangu yalinidanganya: yule ni wa kwake, na kwa kweli wamefanana sana. Amefurahi mno. Amealika mtaa mzima kwake Jumamosi, na mimi ameniwekea kiti cha mbele.