Matuta ya Marehemu Mume Wangu Kwenye Picha Iliyoshinda

Milanzi, Sumbawanga

Kwa Mwenyekiti wa Waamuzi,
Mashindano ya Picha za Mandhari Zilizochorwa kwa Kompyuta

Yah: Matuta ya marehemu kushinda kwa jina la mtu mwingine

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hamjambo ofisini. Mimi ni mzima, isipokuwa nilifiwa na mume wangu, Polikarp, mwezi wa nne, na sasa nimemkuta kwenye mashindano yenu.

Picha ya Fahadi wa duka la vifaa vya shule, mliyoipa nafasi ya kwanza na kuitundika ukumbini, ina shamba la matuta. Fahadi hakuyachora. Alipiga picha tuta moja shambani kwetu, akalikata kwa kompyuta na kulibandika. Nilimuuliza kwa upole, akanijibu, "Mama, hivyo ni vipande tu, kila mchoraji anatumia." Kwa hiyo naomba ushindi ufutwe na picha ishushwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Tuta lile nalijua. Polikarp alikuwa wa mkono wa kushoto, na matuta yake yaliinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Sheria yenu inasema kazi iwe ya mshiriki mwenyewe. Marehemu hakujaza fomu.

2. Tuta hilo limerudiwa mara arobaini na tatu. Mume wangu hakuwahi kurudia tuta. Tena kila baada ya matuta sita alikaa chini, akavua kiatu cha kulia na kukung'uta udongo, hata kama haukuwemo. Kwenye picha hakuna mahali pa kukaa.

3. Juu ya matuta hayo Fahadi ameotesha ulezi uliokomaa. Ufipa nzima inajua kwamba tunafukia majani ndani ya tuta, tunapanda maharage juu yake, na msimu unaofuata tunalibomoa na kulisambaza, ndipo tunasia ulezi. Yale aliyoyapiga marehemu tulishayabomoa mwezi wa kumi na moja, hakuna lililobaki. Ulezi juu ya tuta ambalo halijabomolewa ni kazi ya mvivu. Watu wa Kate, kijiji alikozaliwa, watasema marehemu alikuwa mvivu, naye hawezi kujitetea.

4. Nyuma ya shamba kuna mlima wenye theluji. Jirani yangu Alois alipouona alisema, "Kumbe mzee hajafa, amehamia Ulaya bila kuaga." Tangu hapo nalala vibaya. Hakupenda baridi, na sweta lake nililigawa siku ya kumaliza matanga.

Kama kamati inaona vipande vya picha ni halali, basi haki itendeke kwa wote. Mshiriki anayetaka mto auchimbe kwanza. Anayetaka wingu alete barua ya Mwenye wingu, ipitie parokiani. Na ninyi waamuzi, ili mjue mnachokiamua, mje mpige matuta kumi kila mmoja. Majembe ninayo. La marehemu tu ndilo siliazimishi.

Nisalimie wajumbe wote, mlinzi wa ukumbi, na yule dada aliyeniletea kiti niliposimama mbele ya picha asubuhi nzima.

Ni mimi ninayedai haki ya matuta,
Kalista, mjane wa Polikarp

N.B. Nilipokwisha kuandika, Fahadi alikuja nyumbani na simu yake. Kwenye picha aliyoipiga, Polikarp yumo pembeni, ameinama. Alimkata kwa sababu alikuwa analiziba tuta. Tafadhali msiishushe picha wala msifute chochote. Nimemwomba Fahadi ambandike humo kesho. Mara moja inatosha, lakini nafasi ikipatikana, hata mara mbili.