Kanda ya Baba Mikononi mwa Effie Kennedy

Jumatatu, 3 Februari
Theluji imefika dirishani. Nimekwenda makumbusho hata hivyo. Effie Kennedy, mwalimu mstaafu, amepewa kazi ya kuhamishia kanda zetu za zamani kwenye kompyuta. Sijui nani alimpa. Ila najua kwa nini aliitaka. Ipo kanda ya dansi ya mwaka 1976. Humo baba yangu, Lauchie MacQuarrie, anapiga fidla, na kabla ya kupiga anataja aliyeutunga ule wimbo ambao akina Kennedy wanadai ni wa baba yao. Ndiyo sauti pekee ya baba iliyobaki duniani. Na anayo Kennedy.

Jumanne, 4 Februari
Effie anasema kanda haichezeki bado. Eti gundi inayoshikilia sauti imevuta unyevu miaka yote hii, sasa inanata. Lazima ikaushwe polepole kwa muda wa saa nane, ndani ya kikaushio chake cha matufaha. Nikamwuliza kama nina sura ya mjinga.
“Mzee Hughie, ya sura tuyaache. Kanda tu usiiguse.”
Usiiguse. Anayesema hivyo ana lake jambo.

Jumatano, 5 Februari
Nimetenda. Effie alipokwenda kuchemsha chai, nilitia kanda ya mahubiri ndani ya boksi la baba, na baba nikamtia ndani ya koti. Bandani nina mashine yangu ya kanda. Nikaiwasha. Ikapiga ukelele kama nguruwe anayeburutwa. Unga wa kahawia ukajaa kwenye kichwa cha mashine. Ikakwama. Nikavuta kidogo. Ikakwama tena. Dakika tano hivi za kuvutana, nikaacha. Ni dhahiri Effie ameipaka gundi.

Alhamisi, 6 Februari
Effie kapiga simu. Kanda imekauka vizuri, sauti safi kabisa, ila Lauchie anahubiri juu ya kufunga kwa dakika arobaini. Eti kumbe baba yangu alikuwa padri, yeye Effie hakujua. Kisha akasema:
“Hughie, lete kanda.”
Nikauliza kanda gani.
“Hiyo iliyo chini ya kitanda chako.”
Ilikuwa chini ya kitanda. Amejuaje? Nimekagua madirisha yote.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeipeleka, kwa sharti kwamba nitakaa hapohapo. Saa nane nzima nimekaa kitini mbele ya kikaushio, macho hayabanduki. Effie akaniletea chai na biskuti za shayiri. Nilikataa. Baadaye nikala nne.
Ilipopoa akasafisha mashine kwa spiriti, akaiweka kanda. Mwanzoni hakuna kitu. Mvumo mtupu, dakika tano. Akaniinulia utepe wa kanda dirishani: mwanga ulipenya. Akaniuliza kama niliona unga wa kahawia. Nikasema kidogo.
“Huo unga ndio sauti yenyewe, bwana. Maneno ya baba yako umeyafagia.”
Kisha baba akakohoa. Kikohozi kilekile cha kila mara, kabla ya kuinua upinde wa fidla. Akapiga. Sikumbuki nilisimama lini. Effie hakunitazama mpaka wimbo ulipokwisha.
“Lauchie alimshinda baba yangu kwa fidla,” akasema.
Macho yaliniwasha. Vumbi la kanda hilo.

Jumapili, 9 Februari
Nimewaza siku mbili. Kennedy hamsifu MacQuarrie bure. Anajua kitu.
Leo baada ya misa, mjane Dolena kanisimamisha. Marehemu mumewe naye alirekodi dansi ileile, tangu mwanzo, na maneno yote yamo. Effie kamwomba amletee kanda Jumanne, aikaushe kwanza. Kwanza! Nikamwambia Dolena barabara ni mbaya, asijisumbue kwa umri wake, nitaipeleka mimi. Akanishukuru sana.
Iko hapa mezani. Mashine nimeisafisha kwa spiriti, kama wataalamu. Nitasikiliza mwanzo tu.