Ombi la Kusajiliwa Mimi Mwenyewe Kuwa Urithi wa Taifa

Kijiji cha Nyírhollós, Jumanne ya Pasaka

Ndugu Mkurugenzi wa Urithi na Wageni,

Natumaini sikukuu umeila vizuri. Mimi nimeila peke yangu, na ndiyo sababu ya barua hii. Naitwa Csépe Rozália, mjane wa miaka sabini na moja, nyumba ya tatu kutoka kanisani, ile mliyoipigilia kibao.

1. Kibao kinasema nyumba yangu ni urithi wa taifa. Sawa. Naipaka chokaa kila mwaka, na madirisha nimekatazwa kubadilisha ingawa upepo unaingia utadhani umealikwa. Nimevumilia.

2. Wageni wenu huingia bila hodi. Juzi mmoja alifunua sufuria yangu ya mchuzi, akaupiga picha, akafunika. Nilikuwa nimekaa papo hapo. Mimi hakunipiga picha.

3. Hili ndilo linaloniuma. Jumatatu ya Pasaka wanaume wetu hupita nyumba kwa nyumba wakiwamwagia wanawake maji ili tusinyauke, nasi huwapa mayai mekundu na tone la pombe kali. Mwaka huu binti wa ofisi yako, Boglárka, aliwapanga wote kisimani wawamwagie wacheza ngoma wa kukodi kutoka mjini, mara tatu, kwa kuwa mabasi ya wageni yalikuwa matatu. Hata jirani yangu Ambrus, mgane, ambaye tangu nifiwe hajakosa kuniletea ndoo yake, alikuwa huko na kofia ya unyoya, akimlowesha hata mama mmoja wa kigeni aliyeshuka basi, akicheka mpaka anashika mbavu. Nilipomuuliza Boglárka zamu yangu ni lini, akasema, "Bibi, jina lako halimo kwenye ratiba." Nikakaa na mayai yangu mpaka jioni, mkavu. Niliona uchungu, ndugu yangu, sikufichi.

4. Kwa hiyo naomba nisajiliwe. Masharti yenu nayatimiza yote: ni wa zamani, sijakarabatiwa, nina nyufa halisi za kienyeji, na upande wa kushoto nimeanza kuinama. Nitundikieni kibao shingoni chenye saa za kumwagiwa, na Ambrus aajiriwe kuwa mtunzaji wangu wa kudumu. Nikinyauka, hasara ni ya taifa.

Nisalimie wote ofisini, hata Boglárka. Mwambie ale, amekonda mno.

Wako katika ukavu,
Csépe Rozália

N.B. Leo Jumanne ni zamu ya wanawake kumwaga. Nikienda posta nilimkuta Ambrus langoni kwake, nikammwagia ndoo nzima kwa hasira. Akajifuta masharubu, akasema, "Rozi, jana asubuhi nilianzia kwako kabla sijaenda kisimani. Nikakuta kufuli. Nikajua umenichoka." Kufuli niliweka mwenyewe, kuwazuia wageni wenu. Basi akaingia ndani, akatoka na ndoo yake. Niwie radhi kwa karatasi kulowa. Tafadhali msinisajili tena. Urithi ni mali ya umma, na mimi nimeshapata mtu wangu.