Hotuba ya Kuzindua Kitengo cha Ajira cha Wahitimu wa Darasa la Jioni

Mheshimiwa Mlezi wa Jumuiya yetu, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Makamu wa Mlezi, ambaye ametuma udhuru na mwakilishi, na mwakilishi naye akatuma udhuru. Mwalimu wetu mpendwa wa somo la Masoko, uliyekaa pale kwenye feni inayozunguka. Shemeji yetu, mjane wa marehemu Kiranja wa darasa letu, pamoja na binti yetu uliyeongozana naye. Waheshimiwa wahitimu wa Cheti cha Biashara, Darasa la Jioni, wa ngazi zote, yaani ngazi moja. Na wenzetu ambao hawakufika, watakaotumiwa hotuba hii yote kwenye simu zao: itifaki imezingatiwa.

Hamjambo? (Hatujambo.) Nauliza kwa undani, kwa sababu katika umri huu wetu salamu ni vipimo vya hospitali. Magoti yanakunjika? Presha imeteremka? Mnaweza kusoma ujumbe bila kuipeleka simu mwisho wa mkono? (Kicheko. Sauti ya mama mmoja: “Magoti umeyamaliza wewe na ngazi zako hizi, Mwenyekiti.”) Poleni sana, mama. Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, isipokuwa mgongo, nao nimeukabidhi Kwake pamoja na mambo mengine yanayonishinda.

Ndugu wahitimu, kwa muktadha wa agenda iliyo mbele yetu, napenda nianze na taarifa za maendeleo ya wanajumuiya, ambazo Sekretarieti ilizikusanya kwa njia ya fomu kupitia mchakato shirikishi wa miezi saba, na ambazo, baada ya upembuzi yakinifu nilioufanya kitandani nikiwa na mafua, zimedhihirisha kwamba kati yetu sisi wahitimu arobaini na sita, viongozi ni arobaini na wanane, sawa na asilimia mia moja na nne. (Makofi. Sauti: “Inakuwaje?”) Inakuwa hivi: wawili walijaza fomu mara mbili, kwa kuwa walijipandisha vyeo kabla ya tarehe ya mwisho.

Hapo lazima nimpongeze Mwalimu, aliyetufundisha kanuni moja iliyotuingia kuliko zote: usiseme unafanya nini, sema unaongoza nini. (Mwalimu anainua mkono kidogo, anautazama, anaushusha.) Kwa kanuni hiyo, mwenzetu tuliyekuwa tukimwita Bwana Mizigo leo ni Mkurugenzi Mtendaji wa Usafirishaji, Kanda Zote. (Sauti: “Kwa pikipiki moja.” Sauti nyingine: “Na ya kuazima.”) Naomba tusimkatishe tamaa mwekezaji. Dada yetu wa kiti cha dirishani ni Rais wa Mawasiliano ya Umma katika sekta ya afya ya kinywa. (Dada mwenyewe: “Napokea simu kwa daktari wa meno, jamani, msinikuze.”) Na yupo mwenzetu mmoja mnyenyekevu aliyejaza kwamba ni Mshauri Mwelekezi wa Kujitegemea katika Sekta Mtambuka. (Sauti: “Ndiyo kazi gani hiyo?” Sauti: “Ndiyo kukosa kazi. Huyo ni Mwenyekiti.” Kicheko kirefu.) Nashukuru kwa kutambuliwa.

Sasa, ndugu zangu, niwavute karibu kidogo niwaambie la moyoni. Siku tuliyomzika Kiranja, mtu aliyekuwa akituandika “yupo” hata tulipochelewa kutoka vibaruani huku tukinuka jasho na simenti, nilisimama pale kaburini mbele ya Mwenyezi Mungu na shemeji, nikatamka kwamba binti yake akimaliza masomo, Jumuiya itampatia ofisi ya kufanyia mafunzo kwa vitendo. Sikulazimishwa na mtu. Udongo ulikuwa bado mbichi, na maneno yakanitoka yenyewe.

Ni kutokana na tamko hilo ndipo ilipozaliwa projekti yetu kubwa, Kitengo cha Ajira cha Wahitimu, chenye dira, dhima, mpango mkakati wa miaka kumi, netiweki ya wadau na idara nne zenye wakuu wake, kitengo ambacho kwa takwimu za robo hii ya mwaka kimemhudumia mnufaika mmoja kati ya mmoja aliyeomba, sawa na asilimia mia moja. (Makofi machache. Binti anatazama viatu vyake.)

Kuhusu matokeo ya huduma hiyo, zipo changamoto ndogo ndogo za utekelezaji, nami si mtu wa kuficha. Kitengo kilimwelekeza mnufaika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Usafirishaji. Akafika saa mbili kamili asubuhi, nguo zimenyooka, faili kwapani, akamkuta Mkurugenzi chini ya ngazi za jengo la watu, anafuta kofia ya pikipiki. Mkurugenzi, kwa moyo wa huduma kwa mteja, akamwambia, “Panda nyuma, mwanangu, nikupeleke ofisi yoyote unayoitaka.” (Bwana Mizigo: “Na sikumtoza nauli.”) Hakutoza, na hilo liandikwe. Akampeleka kwa Rais wa Mawasiliano, na Rais akamkumbatia, akampa maji ya kunywa, akasema, “Binti yangu, kiti hapa ni kimoja, nami ndiye niliyekikalia.”

(Shemeji anasimama.) Karibu, shemeji. (Shemeji: “Samahani kukukatiza, shemeji yangu. Fomu ya mtoto inarudi chuoni Ijumaa, ikiwa na mhuri wa ofisi itakayompokea. Isiporudi, mwaka wake mzima umekwenda, na mimi wa kumsomesha mara ya pili sina. Leo nimeomba nusu siku kazini. Niambie tu hicho Kitengo kiko ghorofa ya ngapi, tukitoka hapa nimpeleke.” Feni inalia.)

Swali zuri sana, shemeji, swali la kimkakati, ambalo Sekretarieti imelipokea, italichakata, italiwasilisha kwa idara husika, na idara husika ikishaliona itatoa mwongozo wa namna ya, namna ya kuliona. (Shemeji bado amesimama.) Kwa hiyo, kabla sijahitimisha, naomba tuitikie kaulimbiu yetu kwa nguvu. Jioni yetu! (“Asubuhi ya watoto wetu!”) Cheti kidogo! (“Cheo kikubwa!”) Jumuiya moja! (Wachache wanaitikia. Shemeji hajaketi.)

Sasa nitoe shukrani. Namshukuru mama wa saluni ya hapo chini, aliyetukubalia kubandika karatasi yenye jina la Kitengo kwenye mlango wake kwa dakika nne, tukapiga ile picha iliyowafikia kwenye simu zenu, kisha akaibandua mwenyewe kwa sababu kuna mteja alitaka kuingia. Namshukuru Katibu wa Kitengo, Mratibu wa Kitengo, na yule mpokea simu mwenye sauti nyororo, ambao wote ni mimi. Nawashukuru wakuu wa idara nne, na Mungu atanisamehe, kwa sababu hawajazaliwa. Shemeji yangu, ghorofa haipo. Mlango ule ukiufungua utamkuta mtu anaoshwa nywele.

Niliposoma fomu zenu nilisema moyoni, penye wakurugenzi arobaini na wanane hakutakosa kiti cha mtoto mmoja, nikatangaza Kitengo. Nanyi mliposikia Kitengo kipo, mkaona aibu kuzirudia fomu mkaandika pikipiki na simu ya daktari. Mimi nikawaamini ninyi, ninyi mkaniamini mimi, na huyu binti akatuamini sote, akapiga nguo pasi.

(Shemeji: “Mimi sikutaka cheo cha mtu, shemeji. Nilitaka meza.”)

Ni kweli, shemeji. Keti, nakuomba. Mwalimu, kwa leo nitakiuka kanuni yako. (Mwalimu: “Ikiuke, bwana. Mimi mwenyewe niliitoa kwenye kalenda ya benki.”)

Ndugu wahitimu, mliopo humu na mtakaosoma kwenye simu, zile fomu zichaneni. Nataka mistari miwili tu kwa kila mtu: unafanya nini hasa, na je, hapo unapofanyia kuna kiti, meza na mhuri. Hata kiwe chumba cha kuuza vifungo, hata mhuri uwe wa bosi wako unayemwogopa. Binti anajua kuandika barua, kupanga mafaili, na kunyamaza wakubwa wanapojisifu, ujuzi ambao ameuonyesha leo tangu asubuhi. Leo ni Jumatatu. Fomu yake ninayo mfukoni, na popote mtakaponiita nitaileta kwa miguu yangu mwenyewe. Tafadhali nijibuni upesi, isipite Alhamisi.